Nani Alilifungulia Zimwi Mlango?

Ana mguu mmoja na makalio tisa. Ni nusu mtu, nusu ndege. Hujisukuma kwa fimbo iliyofanana na mkuki, na kinywa chake chekundu huwaka gizani kama taa. Jina lake ni Chemosit, na ukiwa mtoto wa Kericho au Bomet, yamkini ulitishwa naye kabla hujajua kusoma. Kaunti ya Kericho ina hata mto wenye jina hilo.

Mwaka 1909 Mwingereza mmoja, A. C. Hollis, aliyekuwa afisa wa serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu kuhusu Wanandi, ambao ni ndugu wa Wakipsigis wa Kericho na Bomet kwa lugha na mila. Sifa hizo za Chemosit zimo humo. Imo pia namna anavyowanasa watoto, na hapo ndipo nataka mtulie kidogo. Chemosit hawafukuzi watoto. Hawavunjii mlango. Anaimba. Watoto wanasikia wimbo usiku, wanaona mwanga kwa mbali, wanadhani kuna ngoma, basi wanatoka wenyewe kwenda kucheza. Hawarudi.

Wanangu, hiyo ni hadithi ya kutisha iliyokamilika, ijapokuwa ni ya sentensi chache. Mauti yamekuja yamevaa furaha. Mlango haukuvunjwa, ulifunguliwa kutoka ndani.

Najua mnazisoma hadithi za namna hii. Mnazisoma kwenye simu baada ya taa kuzimwa, mnapokezana vitabu bwenini, mnatafuta ngano za zamani zilizosimuliwa upya kwa giza zaidi: binti aliyemla mbwa mwitu badala ya kuliwa, mama mzazi aliye mbaya kuliko mchawi wa msituni. Baadhi yenu mmeambiwa kwamba mnapoteza wakati, au kwamba hadithi hizo zitawaharibu akili. Mimi ni msimulizi, na nasema someni. Ila msisome kwa kutafuta mshtuko peke yake, kwa maana mshtuko huisha kabla ya ukurasa kufungwa. Someni mkiwa na swali moja mkononi: nani alilifungulia zimwi mlango?

Nchi yetu ya chai ni mahali pazuri pa kuulizia swali hilo, kwa sababu mazimwi ya jamii nyingi yamekutana hapa. Makampuni makubwa yalipoanza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920, wafanyakazi walikuja kutoka pande nyingi na kujengewa nyumba za safu, zile tunazoziita laini. Mkipsigis, Mluo, Mkisii na Mluhya wakaishi ukuta kwa ukuta. Kila mama alikuja na zimwi la kwao. Watoto walicheza pamoja kwa Kiswahili, na jioni walisimuliana kwa Kiswahili. Naliwaza zimwi la Ziwa Victoria likihamia kwenye michai, na Chemosit akipewa tabia za majitu ya Ukisii. Kwa hiyo kusimulia upya hakukuletwa na intaneti. Mtoto wa laini amekuwa akifanya hivyo siku zote.

Sasa njooni pwani kidogo. Mwaka 1870, mmisionari Edward Steere alichapisha huko London ngano alizozikusanya Unguja. Miongoni mwake imo ngano ya sultani mmoja na paka wake. Paka alianza kwa kula ndama. Watu wakaenda kushtaki. Sultani akawaambia kwamba paka ni wake na ndama ni wake, wao yawahusu nini? Paka akala mbuzi, akala ng'ombe. Watu wakashtaki tena, jibu likawa lile lile. Paka akala mtu. Akaendelea kula na kukua, mpaka siku aliyowala watoto wa sultani mwenyewe. Hapo tu ndipo sultani akatamka kwamba huyu si paka tena, huyu ni nunda, mla watu.

Mtoto mdogo wa sultani, Mkaa Jikoni, kijana aliyedharauliwa, ndiye aliyetoka kwenda kumsaka. Kila alipoua mnyama alimburura mpaka kwa mama yake, naye mama akamwambia: huyu siye. Akaenda tena, akaua mwingine mkubwa zaidi. Huyu pia siye. Akarudia mpaka akampata mwenyewe.

Tazameni jinsi ngano hii ilivyopangwa. Yule nunda hakutoka msituni. Alilelewa nyumbani, na kila lalamiko lililopuuzwa lilimnenepesha. Sultani alifungua mlango kwa masikio yake, kwa kukataa kusikia. Na Mkaa Jikoni anatufundisha jambo la pili: si kila kinachotisha ndicho kinachokula watu. Wanyama wengi walikufa bure kabla ya yule mwenye hatia kupatikana, na ilihitajika mama mwenye busara kumzuia kijana asitangaze ushindi mapema.

Mwaka 1901 ngano hiyo ilitokea katika vitabu viwili vya mbali: kimoja cha Andrew Lang, kilichotolewa London, na kingine cha George Bateman, kilichotolewa Chicago. Msiseme basi kwamba ngano za giza ni mali ya Ulaya na sisi ni wanafunzi tu. Zetu pia zimesafiri.

Hata hivyo Ulaya inayo funzo la kutupa kuhusu mlango. Mwaka 1697 Mfaransa Charles Perrault alichapisha hadithi ya msichana mwenye kofia nyekundu. Katika hadithi yake mbwa mwitu anamla msichana, na mambo yanaishia hapo. Hakuna mwindaji wa kumwokoa. Mwindaji tunamkuta kwa ndugu wawili wa Ujerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, waliotoa kitabu chao cha kwanza cha ngano mwaka 1812. Ndugu hao waliendelea kukirekebisha kwa miaka mingi. Katika toleo la 1812, anayetaka msichana aitwaye Theluji Nyeupe auawe ni mama yake mzazi. Katika toleo la 1819, mama amekuwa mama wa kambo.

Badiliko hilo linaonekana dogo, na lilifanywa ili wasomaji wasiumie. Lakini limeficha mlango. Mtoto aliyesoma toleo jipya alijifunza kuwaogopa mama wa kambo, ambao wengi wao hulea kwa upendo, na akanyimwa ukweli mgumu kwamba wakati mwingine hatari hulala ndani ya nyumba yako, yenye sura unayoipenda. Waandishi wa siku hizi wanaorudisha giza katika ngano hizo, kama Mwingereza Angela Carter alivyofanya katika kitabu chake cha mwaka 1979, wanajaribu kuurudisha ule mlango mahali pake.

Kiswahili nacho kinaye bingwa wa kazi hiyo. Shaaban Robert alichukua kisa cha Alfu Lela Ulela akakisuka upya kwa Kiswahili chake, nacho ndicho *Adili na Nduguze*, kilichotoka mwaka 1952. Ndugu wawili wanageuzwa manyani, na kila usiku Adili analazimika kuwapiga mijeledi, huku moyo wake unaungua kwa sababu anawapenda. Na nani alifungua mlango? Wivu wao wenyewe. Walimtosa baharini ndugu aliyewatendea mema.

Waswahili husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hiyo hufariji, lakini Grace Ogot aliandika hadithi fupi inayoitikisa. Ogot alizaliwa Asembo mwaka 1930, na kitabu chake cha hadithi fupi, *Land Without Thunder*, kilitoka mwaka 1968. Humo mna hadithi iitwayo "Tekayo". Mzee anachunga ng'ombe, anamwona tai aliyebeba kipande cha ini. Ini linamfikia, anakula, na utamu wake unamteka. Anaanza kuua mnyama huyu na yule akitafuta ladha ile ile. Haipati. Halafu anagundua ilikotoka. Watoto wanaopotea mmoja mmoja ni wajukuu zake, wale wale wanaoachwa chini ya uangalizi wake kwa kuwa yeye ni babu.

Mimi naihesabu hiyo kuwa hadithi ya kutisha kuliko nyingi zenye majini na makaburi. Hakuna pembe wala mkia. Kuna mzee mpole, na familia iliyomwamini hata ikachelewa kumtazama. Mlango ulifunguliwa na heshima isiyouliza. Mtoto akisoma hadithi hiyo kisha akajua kwamba anaruhusiwa kusema "naogopa kubaki na fulani", hata kama fulani ni mtu mzima anayeheshimika, hadithi imemsaidia kuliko mahubiri mengi.

Wale waliofanya mtihani wa kidato cha nne miaka michache iliyopita walisoma *Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine*, diwani iliyohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda. Hadithi inayobeba jina la kitabu iliandikwa na Said A. Mohamed. Wengi mliisoma mkiwinda maudhui na tamathali za usemi, nanyi hamkugundua kwamba mmeshika ngano ya zimwi. Jitu kubwa linaingia mkahawani katika mtaa wa Madongoporomoka. Linaagiza chakula chote kilichopo. Linakimaliza. Linaahidi kurudi kesho. Kesho yake yanakuja mabuldoza kubomoa vibanda vya watu. Ni zimwi lile lile la nyanya zetu, halijabadilika hata kidogo isipokuwa kwamba sasa linaingia kwa mlango wa mbele.

Sisi wa nchi ya chai tunapaswa kuielewa hadithi hiyo kwa undani. Ardhi hii imejua tumbo lisiloshiba. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai kutoka Kericho, nao wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, mahali palipojulikana kwa mbung'o na malaria. Familia nzima nzima, wazee kwa watoto, zilitolewa makwao. Mambo hayo yameandikwa katika vitabu vya historia. Kuyaandika kama hadithi ya kutisha kwa Kiswahili, kutoka machoni pa mtoto aliyekuwa kwenye msafara ule, ni kazi inayomngojea kijana mmoja kati yenu.

Na kazi ya namna hiyo hufanywaje? Niwaonyeshe kidogo. Namchukua Chemosit, namtoa kwenye ngano, namleta kwenye shamba dogo la chai la leo, upande wa Bomet.

*Lori la kiwanda lilikuwa limechelewa tena. Mama alikuwa bado senta ya kupimia chai, amekaa juu ya gunia la majani kwa kuwa akiondoka kabla ya kupima, jasho la siku nzima litanyauka. Mimi nilibaki na Kiprono. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye michai. Saa mbili usiku niliona taa nyekundu ikipita polepole ng'ambo ya mikaratusi. "Lori hilo," Kiprono akasema. Nikafurahi. Taa ikasimama. Tukasikia wimbo, ule wanaoimba akina mama wakirudi wakiwa wengi. Nikaenda jikoni kuchochea moto ili Mama akute maji ya moto. Wimbo ulikaribia. Nilihesabu sauti, nikaona ajabu kwamba zote zinavuta pumzi pamoja. Nikaita, "Kiprono, ngoja kwanza." Nikasikia komeo. Niliporudi mlango ulikuwa wazi na ukungu unaingia. Nilichukua tochi nikamulika kijia. Mvua ya mchana ilikuwa imelainisha matope, na kila kitu kilichopita kilikuwa kimeacha alama. Kulikuwa na nyayo ndogo za Kiprono, zinatoka mbiombio. Kando yake kulikuwa na unyayo mmoja mkubwa, kisha tundu la fimbo. Unyayo mmoja, tundu. Unyayo mmoja, tundu. Mbele kidogo nyayo ndogo zilikoma. Mbali barabarani nilisikia lori la kiwanda likipanda mlima, ndiyo kwanza linafika.*

Sikuyataja makalio tisa, wala mwili wake. Chemosit hayumo kabisa katika simulizi hiyo, zimo alama zake tu, kwa sababu msomaji akimwona zimwi wazi huanza kumpima na kumzoea. Nimeanza na mambo ya kawaida anayoyajua kila mtoto wa mkulima: senta, gunia, kuchelewa. Nimeingiza kasoro moja tu, zile sauti zinazovuta pumzi pamoja, nikaiacha ifanye kazi yake. Hadithi fupi ya kutisha haina nafasi ya kasoro kumi. Moja iliyowekwa mahali pake inatosha.

Sasa ulizeni swali letu. Nani alifungua mlango? Mkono ni wa Kiprono, lakini msimlaumu mtoto. Nani aliwaacha watoto peke yao usiku? Mama. Na nani alimfanya mama akae senta mpaka usiku, asiweze kuondoka? Mkienda hivyo, mkivuka kila jibu la haraka, mtafika mahali ambapo hadithi inaacha kuwa ya zimwi na kuwa ya maisha yetu. Ndiyo maana naipenda fasihi hii. Huanza na mguu mmoja matopeni na kumalizia na mambo ambayo watu wazima hawapendi kuulizwa.

Lakini kuna mpaka, na lazima niuseme kwa sauti. Zimwi likae ndani ya hadithi. Oktoba mwaka 2021 akina mama wazee wanne waliuawa Marani, Kisii, kwa kushukiwa kuwa wachawi. Mwaka 2008, huko huko Kisii, wazee 11 walichomwa moto hadi kufa kwa tuhuma kama hizo. Si mbali na hapa. Waliouawa walikuwa nyanya wa watu. Waliowaua walichukua hofu wakaibandika kwenye uso wa jirani dhaifu, kama Mkaa Jikoni angemwua mnyama wa kwanza aliyemkuta na kusema kazi imekwisha. Msomaji mzuri wa hadithi za kutisha anapaswa kuwa wa mwisho kuamini uvumi wa namna hiyo, kwa sababu amefunzwa kwamba mwenye sura ya kuogofya mara nyingi siye. Mkisikia mzee anatuhumiwa, simameni naye. Ombeni msaada kwa mwalimu, kwa chifu, kwa mtu yeyote mwenye akili timamu.

Na hadithi ikikuzidi nguvu, ikakunyima usingizi, ifunge. Hakuna aibu. Isome mchana, au umpe mwenzako msome pamoja na kuizungumza. Nyanya zetu hawakumwacha mtoto na Chemosit peke yake. Walisimulia watoto wakiwa wamejazana karibu na moto, bega kwa bega, na aliyeogopa aliweza kumshika mwenzake.

Vitabu vipo. Kericho ina maktaba ya umma, na Silibwet kule Bomet ipo nyingine. Mwulize mhudumu hadithi fupi za Kiswahili, mwulize ngano, mwulize Grace Ogot. Kabla ya hapo, keti na kogo wako, yaani nyanya yako, umwombe akusimulie Chemosit wa utoto wake, kwa maana hatafanana na wa Hollis wala na wangu. Mwandike alivyomsema. Kisha umsimulie upya kwa jinsi unavyoiona dunia yako, usimwonee haya msomaji, usimfiche mlango. Kizazi kinachojua kueleza jinsi zimwi lilivyoingia ndicho kitakachoweza, zamu yake ikifika, kulizuia lisiingie tena.